Sketi ya Bluu Aliyoichukua Mtani

Mama Somoe, mke wangu,

Salamu zangu zikufikie huko Mitwero ulikolazwa, karibu na mama yako. Mimi mzima, cherehani nzima, na binti yako ameondoka leo asubuhi. Najua kabla hata sijavua viatu ungeniuliza swali moja tu: "Umempeleka wapi?" Tulia. Nitakwambia, lakini kwa mpangilio wangu, maana ulipokuwa hai hukuwahi kuniacha nikamaliza hadithi.

Unakumbuka alivyokuwa akirudi dukani bila chumvi? Tunamtuma hapo tu, pua na mdomo, naye anasimama nyuma ya watu wazima na kikapu chake. Kila anayekuja anampita, ananunua, anaondoka, yeye kimya. Baadaye anarudi, anakaa kizingitini, anakutazama. Unaweka mwiko chini, unajifunga kanga vizuri, unamshika mkono mnakwenda wote. Na wazee wa hapa Mtanda walivyokuwa wakija barazani kunilalamikia kwamba binti wa fundi hana adabu, hasalimii! Alikuwa anasalimia. Shikamoo yake ilikuwa inaishia midomoni tu, na wenye kuisikia tulikuwa mimi na wewe. Mimi nilikuwa nawajibu, "Shikamoo zenu amewapa, ninyi ndio hamjaitikia," wanacheka, yanakwisha. Wewe hukuwa unacheka. Ulikuwa ukiniambia nikiendelea kumsemea hivyo, mtoto atazeeka hajajua sauti yake ikoje.

Na akili zile, Mama Somoe! Kumbuka tangu kila kitu kilipokuwa ruksa na mabunda ya mitumba yakaanza kufunguliwa sokoni, watu waliacha kabisa kunishonesha magauni na suruali. Nilibaki na sare za shule, na sare ukikosea kukata umekula hasara. Siku ile nimetandaza kitambaa mezani, najikuna kichwa, yeye kajikunyata chini ya meza na kipande cha chaki. Akatoka, akakunong'oneza sikioni. Ukaniambia, "Anasema hilo pande la nyuma ukiligeuza kichwa chini, utapata na sketi ya tatu." Niligeuza. Sketi ya tatu ikapatikana, na kitambaa cha mfuko kikabaki. Nikamwuliza, "Sasa mbona huniambii mwenyewe, mwanangu?" Akatazama vidole vya miguu yake. Nilifurahi siku ile kuliko ninavyoweza kueleza, na niliumia pia, maana hata mimi baba yake nilihitaji mkalimani.

Tuligombana kwa ajili yake mara ya mwisho pale pale barazani, wewe umelala kwenye mkeka kwa sababu ndani kulikuwa na joto na ugonjwa ulikuwa umeshakuchosha. Alikuwa darasa la sita. Nikasema akijaliwa kufaulu, atakwenda sekondari ya kutwa ya hapa mjini. Asubuhi anatoka kwetu, jioni anarudi kwetu, anakula chakula chetu. Ukainuka kwa kiwiko. "Hapana. Mpeleke bweni, ile ya wasichana ya serikali huko bara."

"Bweni? Mtoto asiyeweza kununua chumvi? Huko nani atamsemea?"

"Hakuna," ukasema. "Ndiyo maana nataka aende."

Nilikasirika. Nilikuuliza ni mama gani anayemtupa mwanawe kwa watu asiowajua. Ukanijibu polepole, maana pumzi ilikuwa imepungua, kwamba hapa Mtanda tumemzoea mno. Kila mtu anajua ni bubu wa fundi. Kabla hajafungua mdomo, sisi tumeshamjibia. Nikakwambia utapona na tutaendelea kubishana. Ulicheka kidogo. Hukupona, na mimi nikabaki na upande wangu wa ubishi bila mtu wa kunijibu. Hilo nimelichukia kuliko upweke wenyewe.

Sasa nikupe ambalo hukuliona. Siku ya mazishi yako watani wa ukoo wenu walikuja, kama ilivyo desturi, na mbele yao alikuwa Bi Mahija. Unamjua, mwili ule na mdomo ule. Watu tumeinama, mimi sijui hata nimesimama wapi, yeye akanivamia, akaninyang'anya futi shingoni, akaanza kujipima kifua mbele ya waombolezaji. "Fundi, nipimie na mimi sanda! Mwenzangu asipendelewe peke yake!" Watu wakaanza kucheka na machozi yao. Mimi nilitakiwa nijibu, kwa kuwa nilioa kwenu na utani wenu unanihusu, lakini nilibaki nikiifuata ile futi kwa macho. Ikasikika sauti nyembamba kutoka kwa wanawake. "Wewe Bi Mahija sanda yako ni jora zima. Baba atapata wapi kitambaa cha kuwashonea wanafunzi?"

Kilio chote kilikatika. Watu walitafutana nani amesema. Mama Somoe, alikuwa ni Somoe! Kwa mila zenu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo Bi Mahija ni mtani wake halali, na mtani akikuchokoza lazima umjibu, ukikaa kimya umeutia aibu ukoo mzima. Binti yako alikuwa anajua hilo, na akalitimiza kwa ajili yako. Alipomaliza akajifunika kanga yako usoni, na sikuisikia tena sauti ile kwa muda mrefu.

Mwaka huo ukapita, akaingia darasa la saba. Kabla ya mtihani mwalimu mkuu akatuita wazazi mmoja mmoja ili tutaje shule tunazotaka watoto wetu wapelekwe wakichaguliwa. Unajua wanaochaguliwa hapa kwetu ni wa kuhesabu. Aliniambia wazi kwamba kwa Somoe hana wasiwasi wa kufaulu, wasiwasi wake ni mahali. "Darasani anaandika majibu yote, Fundi, lakini nikimsimamisha anatetemeka. Ukichagua bweni, litammeza. Kuna watoto wakorofi huko, wanawaonea wageni. Nenda ukafikiri, Jumatatu uniletee jibu." Alisema kwa huruma. Nilitoka pale nimefurahi kwamba msomi mzima yuko upande wangu, na nilitamani uwepo nikuringie.

Nikampelekea habari kaka yako, ambaye kwa mila zenu ndiye mwenye kauli juu ya mpwa wake. Yeye yuko Songo Songo na madema yake ya samaki, akamtuma mtu aniambie, "Fundi aamue, yeye ndiye anayekaa naye." Basi yote yakawa juu yangu. Nikamwuliza mwenyewe, "Somoe, unataka shule ipi, ya hapa au ya bara?"

"Yoyote, baba."

Nikamwuliza tena tukila. "Yoyote, baba." Nikamwuliza akifua, nikamwuliza akipanga kuni. Yoyote, yoyote. Mpaka neno lenyewe likaanza kunikera, nikawa natamani anigombeze, alie, anune, afanye chochote ambacho baba anaweza kukisoma. Na usiniambie ningekuwa na subira. Wewe ulikuwa na sikio lake, mimi nilikuwa na "yoyote".

Ndipo nikafanya yangu ya kifundi. Nikachukua kitambaa cha bluu, nikashona sketi ya shule ya kutwa. Mtihani hajafanya, kuchaguliwa hajachaguliwa, mimi nimeshapiga na pasi. Niliona sketi ikishatundikwa pale ukutani, na marinda yake yamelala vizuri, jambo litakuwa limeamuliwa na hakuna atakayeuliza zaidi. Somoe aliitazama, akasema ahsante. Akakaa chini akaendelea kunishonea vifungo vya mashati ya wateja.

Ijumaa watu walipotoka msikitini, Bi Mahija akaja. Hakusalimia, mtani hana muda huo. Akaitungua sketi ukutani, akajivika kichwani, marinda yakamwagikia mabegani, akatoka nayo barabarani. "Jamani Mtanda nzima, nimechaguliwa! Nimefaulu! Mnipishe, nawahi shule! Kutwa, siyo bweni, kwa sababu nikilala mbali na chungu changu naweza kufa!" Watoto wakamfuata. Watu wakatoka madukani. Mimi nikanyanyuka nikamdai sketi ya mtoto, naye akasema, "Hii? Hii nimeshaichukua, Fundi, na ya mtani hairudi." Unajua ilivyo. Kukasirika ni mwiko. Nikarudi kukaa kwenye mashine nikajifanya nina kazi.

Akamgeukia Somoe. "Na wewe bubu wa fundi, mbona hulii? Nimekuibia shule!"

Nilikuwa nimeanza kufungua mdomo nimjibie. Sijawahi kushukuru uzi kukatika kama nilivyoshukuru siku ile, maana ulikatika, nikainama kuutunga upya, na katika nafasi hiyo Somoe akainua uso. Sindano bado iko mkononi.

"Chukua tu, mtani. Hiyo shule inakufaa wewe. Mimi nakwenda bara, nikapumzike kujibiwa na watu."

Barabara nzima ikacheka. Bi Mahija alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, kisha nikaona kicheko kinamwisha, anamtazama mtoto, halafu ananitazama mimi. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedeli na haukwenda. Neno lako lile la mkekani, Mama Somoe, ndilo nililolisikia, na wewe hukumwambia yeye. Mimi pia sikumwambia. Amekaa nalo mwenyewe moyoni muda wote huo.

Jioni nikamwita. Nikasema, "Yale uliyomwambia Bi Mahija, ni kweli?"

Akatazama vidole vya miguu. "Ulikuwa utani, baba."

"Kwa hiyo unataka shule ipi?"

"Yoyote."

Sasa niambie, ningefanya nini? Maneno ya utani hayafuatwi. Hiyo ndiyo amana yake, mtu anasema lolote na kesho hakuna wa kumkumbushia. Nikiyashika maneno yale nikayapeleka kwa mwalimu mkuu, nimevunja desturi yenu na nimemwibia mtoto mahali pekee anapoweza kusema. Nikiyaacha, nitakuwa nimemsikia kwa masikio yangu nikajifanya kiziwi. Na kama kweli alikuwa anatania tu? Nimtume mtoto anayetetemeka, mbali na kwao, kwa sababu ya kichekesho cha barabarani? Siku mbili zile nilikata shati la mteja mikono yote ikawa ya kulia.

Jumapili nikaenda kwa Bi Mahija. Nilimkuta anatwanga. Nikamwomba aache utani kidogo, aniambie kama mtu mzima mwenzangu, alionaje. Akaendelea kutwanga.

"Mimi sioni kitu, Fundi. Mimi nna sketi yangu."

"Bi Mahija, nakusihi."

"Sketi sirudishi. We si fundi? Kashone nyingine. Rangi unaijua mwenyewe."

Nilitoka pale nimekasirika sana na yule mwanamke. Nilipofika njiani, karibu na kwetu, nikagundua kwamba tangu nimwache nilikuwa nafikiria wapi nitapata kitambaa cha kijani, rangi ya sare ya ile shule ya bara.

Jumatatu mwalimu mkuu aliuliza mara ya pili kuhakikisha amesikia. "Bweni? Fundi, una hakika?" Nikasema sina. Nikasema mama yake alitaka hivyo. Hapo nilikuwa najificha nyuma ya kanga yako, naye alinitazama kana kwamba anangojea zaidi. Nikaongeza, "Na mwenyewe anataka." Akauliza, "Amekwambia?" Nikasema, "Amesema." Sikumwambia alimwambia nani.

Majina yalipobandikwa sikwenda kuyatazama. Nilikaa kwenye mashine nikashona mstari mmoja juu ya mwingine mpaka kitambaa kikakakamaa. Somoe alikuja kutoka shuleni anatembea tu, hakimbii. Akasimama mlangoni. "Nimechaguliwa, baba. Bara." Nilimtazama nijue kama anafurahi au anaogopa, na nilichoona ni vyote viwili. Sikulala vizuri tangu siku ile, na sidhani kama yeye alilala. Usiku nilikuwa namsikia anageuka geuka kitandani, lakini kila asubuhi nikimwuliza, amelala vizuri.

Nikashona ya kijani. Nimeishona nikaifumua mara mbili, mimi niliyeshona sare za watoto wa Lindi nzima. Nikaacha pindo refu, refu kuliko ninavyowaachia wengine. Najua unacheka. Wewe tu ndiye unayejua kwa nini. Nilikuwa najipangia kwamba kila likizo atakaporudi amerefuka, atavua sketi anipe, mimi nitalifumua kidogo, nitalishona tena, na wakati nafanya hivyo atakaa hapo chini ya meza kama zamani. Nilikuwa namfungia kamba, basi, kamba ya pindo.

Asubuhi hii stendi kulikuwa na tope, mvua zimewahi. Basi la bara lilikuwa linanguruma. Bi Mahija akaja amevaa ile sketi ya bluu! Ameitia vipande ubavuni na vitambaa vya kanga, na bado ilikuwa imembana mpaka anatembea nusu hatua. Watu wa stendi walisahau safari zao. "Nimekuja kukusindikiza, mwanafunzi mwenzangu!" Somoe alicheka, Mama Somoe. Alicheka kwa sauti, akafunika mdomo, akafunua, akaendelea. "Usome kwa bidii, mtani," akamwambia, "nikirudi nitakusahihisha." Hapo hapo akapanda.

Alikaa dirishani. Nilisimama chini. Baba na binti hatuna utani, hatuna pa kupitishia maneno. Ndani wasichana wengine walikuwa wanazungumza, wamefahamiana tayari, na mmoja akamwuliza jina lake. Niliona midomo yake inafunguka. Niliona yule msichana anainamisha sikio, hakusikia. Akauliza tena. Niliinua mkono nitaje mimi, "Anaitwa Somoe," nilikuwa nimeshavuta pumzi. Bi Mahija akanikanyaga mguu. Kwa mwili wote ule.

"Somoe," binti yako akasema.

Msichana akasogea ampe nafasi ya begi. Basi likaanza kwenda kinyumenyume. Nikalikimbilia dirisha na tope langu, nikasema lile pekee nililokuwa nalo. "Sketi nimekuachia pindo refu. Ukirefuka, likizo uniletee nilifumue."

Alitoa kichwa nje. Alinitazama mimi, hakutazama vidole.

"Nitalifumua mwenyewe, baba," akasema. Alisema kwa sauti ya kunifikia juu ya injini, mpaka kondakta akageuka. "Mama alinionyesha."

Hukuniambia ulimfundisha kufumua. Ulikuwa lini? Ulikuwa umelala pale kwenye mkeka, mimi nimekwenda sokoni? Nimekaa hapa tangu asubuhi najaribu kukumbuka siku moja niliyokuta nyuzi sakafuni nikauliza zimetoka wapi, nanyi wawili mkanyamaza.

Sijui kama bweni litammeza. Sijui usiku huu analala vipi, wala kama kuna anayemwonea. Nimeogopa tangu basi lilipopinda kona na naogopa hadi sasa ninapokuandikia, na sitakudanganya kwamba ubishi wetu umekwisha. Ila nilikwenda kuitoa ile sindano ya kufumulia kwenye kikopo chake pembeni ya mashine, nimeitafuta kila mahali, haipo. Ameondoka nayo.

Lala salama, mbishi wangu. Nimeliacha neno la mwisho kwako.

Mumeo, Baba Somoe,
fundi wa Mtanda